SAFARI YA USIKU HUTENGENEZWA MCHANA

(Haya ni maneno ya hotuba aliyoitoa mwanachama mwenzetu, mfanyakazi wa reli na mwenyeji wa Ukambani, katika mkutano wa tawi kabla ya likizo za mwisho wa mwaka. Tumeyapiga chapa kwa sababu wanachama wengi wameyaomba.)



Nimeombwa niseme machache juu ya safari ndefu ya usiku katika gari la moshi, na jinsi ya kujitayarisha kwayo. Mimi si msemaji. Shule yangu ilikuwa ya msingi tu, ya misheni, na baada ya hapo mwalimu wangu amekuwa reli. Kwa hiyo nitasema kama mfanyakazi anavyosema na wenzake.

Najua wako watakaocheka. Watasema, kupanda gari ni kukata tikiti na kukaa kitini, hotuba ya nini tena? Mimi pia nilidhani hivyo, na tena nafanya kazi ya reli. Nilidhani hivyo mpaka usiku mmoja wa mwaka 2022, nilipokaribia kumpoteza mama yangu mzazi garini kwa kosa langu mwenyewe. Nitafika huko.

KWA NINI TWASAFIRI USIKU

Kwanza tujiulize, kwa nini sisi wafanyakazi twapenda gari la usiku? Si kwa raha. Twasafiri usiku kwa kuwa mchana si wetu. Mtu akitoka kazini jioni, akapanda gari, akafika asubuhi, ameokoa siku moja ya kazi, na ameokoa pesa za kulala katika nyumba ya wageni. Hesabu hiyo ni nzuri. Lakini ina hatari yake: yule mtu amepanda gari akiwa na uchovu wa siku nzima, hakula vizuri, na mizigo ameifunga mbio mbio.

Baba zetu walikuwa na gari lao la usiku katika reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Gari lile liliondoka jioni na kufika asubuhi, na katika miaka yake ya mwisho mara nyingi lilifika jua likiwa kali. Sisi watu wa Makueni twalikumbuka kwa kuwa lilisimama kwetu. Nilipokuwa mtoto nililipanda Makindu pamoja na baba, aliyekuwa mtu wa genge la njia. Daraja la tatu, madirisha wazi, vumbi jekundu mpaka puani, na mama zetu wakiwa wamekaa juu ya magunia ya kunde. Gari hilo la abiria lilikwisha mwaka 2017, na mwaka huo huo likaanza gari jipya katika reli pana ya kilomita 472 kati ya Mombasa na Nairobi. Sisi twaliita gari la moshi mpaka leo, ingawa moshi wa kuni na makaa umekwisha zamani.

Gari jipya lina mbio. La usiku huondoka usiku ukiwa umeingia sana na kufika kabla ya kupambazuka. Hapo ndipo wengi hukosea. Hufikiri kwamba kwa kuwa safari imekuwa fupi, matayarisho nayo yamekwisha. Lakini kwa mtu wa Kitui safari haianzi stesheni. Kitui haina reli. Gari linalosimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei ni lile la asubuhi, na anayetaka la usiku mara nyingi hulazimika kwenda kulipandia Nairobi. Mtu wa Mutomo au Ikutha amekwisha kukaa katika matatu tangu alfajiri kabla hajaliona behewa. Ukijumlisha yote, safari yake ni ya mchana na usiku, kama ya zamani.

KOSA LANGU

Sasa niseme habari yangu. Mama yangu anakaa upande wa Mutomo. Ana ugonjwa wa sukari, na macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Ndugu yangu mdogo yuko Mombasa, akapata daktari wa macho huko. Mimi nilikuwa na siku mbili tu za mapumziko, basi nikapanga mama aje Nairobi, tupande gari la usiku, asubuhi tuwe hospitali. Nilikata tikiti mbili mapema, nikajiona mtu hodari.

Mama aliondoka nyumbani kabla ya jua. Alimeza vidonge vyake kama alivyofundishwa katika zahanati, akanywa chai ya rangi bila kitu. Njiani hakula, kwa sababu mama zetu huona haya kumwomba dereva asimame wajisaidie, kwa hiyo hawali wala hawanywi. Mimi nilitoka kazini jioni nikiwa nimechelewa. Tulikimbia hadi stesheni, tukapanga mstari wa ukaguzi, na tulipoketi gari likaondoka. Sikumwuliza hata neno moja juu ya chakula. Dawa na karatasi za hospitali nilizitia katika mfuko mkubwa pamoja na muthokoi na kopo la asali ya Kitui, nikaupandisha juu. Simu yangu ilikuwa karibu kuzimika. Mama akalala. Nikasema moyoni, vizuri, apumzike. Na mimi nikalala.

Niliamka tukiwa tumekaribia kufika. Mama alikuwa akitetemeka, jasho la baridi limemlowesha, na akaniita kwa jina la marehemu baba. Nilifikiri ni homa. Niliteremsha mfuko nitafute dawa, nikakuta asali imemwagika juu ya kila kitu. Nilitaka kumpigia ndugu yangu, simu imekufa. Ndugu zangu, mimi ni mtu wa nguvu, lakini wakati huo sikujua niweke mkono wapi.

Aliyetuokoa ni mama mmoja muuza ndengu aliyekaa kiti cha pili. Aliuliza mambo mawili tu: "Huyu mama ana sukari? Amekula saa ngapi?" Nilipomwambia, alifungua kyondo chake, akatoa chupa ya chai yenye sukari nyingi, akamnywesha kidogo kidogo maadamu alikuwa bado anaweza kumeza. Halafu akampa mkate. Haikupita nusu saa mama alinitambua. Yule mama akaniambia, "Kijana, ulimkatia mama tikiti, lakini hukumfungia chakula."

Daktari baadaye alinieleza: aliyemeza dawa za sukari asile, sukari yake huweza kushuka mno, na hiyo yaweza kuua upesi. Mama yuko hai mpaka leo. Lakini maneno ya yule muuza ndengu hayajanitoka, na ndiyo yaliyonileta mbele yenu.

MAMBO MATANO YA KUTENGENEZA MCHANA

Nayataja kwa hesabu, ili aliye na kalamu aandike.

Kwanza, likizo na tikiti. Usiibe safari katikati ya zamu mbili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi baada ya kila miezi 12 ya kazi. Omba mapema, kwa maandishi, na ukihesabu siku zako, hesabu pia siku ya kwenda na siku ya kurudi. Kama mimi ningeomba siku moja zaidi, mama angelipanda gari la asubuhi pale Kibwezi. Barabara ya kutoka Kitui kwa Mutomo mpaka Kibwezi sasa ina lami, na safari nzima ingekuwa ya mchana. Tikiti nayo usingoje siku ya mwisho, hasa Desemba na Pasaka. Tena kumbuka kwamba tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Mtu na mke wake, kwenda na kurudi, ni shilingi 6,000 kabla ya watoto na kabla ya matatu. Anzeni kuweka akiba miezi mitatu mbele. Jina la tikiti lilingane na la kitambulisho, na kitambulisho chenyewe kiwe mfukoni, si chini ya sanduku.

Pili, mwili. Kula kabla ya kupanda, chakula cha kawaida ulichokizoea. Chukua kingine cha njiani kisichoharibika upesi: viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai magumu, mkate, ndizi. Mchuzi na maziwa mabichi acha nyumbani. Maji uwe nayo yako. Wahenga walisema msafiri maskini ajapokuwa sultani. Sisi wa Makueni tuna stesheni iliyopewa jina la Sultan Hamud wa Zanzibar, aliyefika huko kuiona reli mwaka 1898. Lakini hata ukiwa sultani, ukipatwa na njaa saa nane ya usiku nawe huna kitu katika kikapu, huna tofauti na sisi. Na mwenye dawa azibebe mwilini au katika mfuko mdogo wa mkononi, pamoja na karatasi inayosema anaumwa nini na anatumia nini. Mwenye sukari awe na kitu kitamu karibu naye daima.

Tatu, mizigo. Funga mifuko miwili. Mkubwa ni wa zawadi na nguo. Mdogo ni wa vitu ambavyo ukivikosa usiku utalia: dawa, kitambulisho, pesa kidogo, simu iliyojaa moto, namba mbili tatu zilizoandikwa kwenye karatasi, na shuka. Shuka ni muhimu. Zamani tulikula vumbi. Siku hizi mabehewa yana mashine ya baridi, na mtoto aliyevaa fulana tu atakohoa wiki nzima. Asali ifungwe katika kopo la kifuniko cha kukaza, tena ndani ya mfuko wa nailoni, isimame peke yake. Panga, visu na mafuta ya taa usijaribu kupita navyo. Mizigo hupekuliwa kwa mashine na kunuswa na mbwa, nawe utabaki nyuma ukibishana huku gari linakwenda. Fika saa moja au zaidi kabla ya wakati, kwa ajili ya ukaguzi huo.

Nne, zamu ya kukesha. Hapa nitawapa habari ya kwetu. Stesheni ya Kima iko Makueni. Mwezi wa Juni mwaka 1900 simba alikuwa akiwasumbua watu wa stesheni ile. Mkuu wa polisi wa reli, Bwana Charles Ryall, alifika na wenzake wawili ili kumwinda, na behewa lao likawekwa pembeni usiku. Walipatana kukesha kwa zamu, naye Ryall akashika zamu ya kwanza. Wenzake wakalala. Na yeye, yaonekana, akalala. Simba akaingia kwa mlango uliokuwa wazi, akamwua, akatoka naye kwa dirisha. Behewa lile limewekwa katika jumba la ukumbusho la reli pale Nairobi, mkitaka nendeni mkalione.

Leo simba haingii behewani. Lakini mwizi wa mfuko huingia, na mtoto huamka akatembea, na mgonjwa huzidiwa bila kelele. Bunduki haikumsaidia Bwana Ryall, kwa sababu zamu haikushikwa. Basi watu wawili wakisafiri na watoto au mgonjwa, wagawane usiku. Mmoja alale saa mbili, mwingine saa mbili, na anayekesha aliyepigwa na usingizi amwamshe mwenziwe bila haya. Aliye peke yake aseme na jirani yake tangu mwanzo: mimi ni fulani, natoka mahali fulani, mama huyu anaumwa. Laiti mimi ningesema hivyo na yule muuza ndengu tulipoketi tu, angeuliza maswali yake mapema.

Tano, kufika. Watu wengi hutayarisha kuondoka, hawatayarishi kufika. Gari linafika gizani. Stesheni ya Mombasa iko Miritini, si mjini, na ya Nairobi iko kule Syokimau. Ni nani atakupokea? Mmepatana asimame wapi? Akikosa, utafanyaje? Kama huna mtu, kaa palipo na mwanga na watu mpaka kupambazuke. Nauli ya gari la mwisho iwe pembeni, usiiguse njiani. Na ukipitia barabara kuu ukaharibikiwa karibu na Makindu, jueni kwamba pale pana hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 na wafanyakazi wa reli wa dini hiyo. Huwapa wasafiri chakula na mahali pa kulala bila malipo, wa dini yoyote. Wafanyakazi wa reli wa siku zile walifikiri juu ya msafiri asiye na mwenyeji. Nitarudi kwa jambo hili.

NUSU YA PILI NI YETU

Ndugu wanachama, nimesema juu ya abiria. Lakini abiria hata akijifunga vizuri namna gani, ametengeneza nusu tu ya safari. Nusu ya pili inatengenezwa na sisi.

Karibu na Mtito Andei uko mto uitwao Ngai Ndethya. Kwa Kikamba maana yake ni "Mungu nisaidie." Usiku wa kuamkia tarehe 30 Januari 1993 gari la abiria lilikuwa likitoka Nairobi kwenda Mombasa. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, mafuriko yakaharibu daraja, na gari likaanguka mtoni. Watu zaidi ya 100 walikufa. Mimi nilikuwa mtoto mchanga, habari hii niliipata kwa baba. Alikuwa hapendi kuisema. Alisema tu kwamba wale watu walikuwa wamefunga mizigo yao, wamekula, wamelala, wamefanya yote yanayompasa abiria.

Baada ya hapo, kila mvua ya usiku ilipoanza kugonga mabati ya landi yetu, baba aliamka akakaa kitandani, hata kama si zamu yake. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni uzee. Sasa naelewa. Mto wa Ukambani hukauka miezi mingi, ng'ombe wakapita juu ya mchanga, halafu kwa saa chache hushuka maji ya kubomoa mawe. Anayeulinda daraja ni mtu aliyetembea na taa kulitazama, na aliyepewa ruhusa ya kusema "simamisha gari" bila kuogopa kuulizwa sababu ya kuchelewesha.

Kwa hiyo mfanyakazi wa njia anapodai koti la mvua, taa nzuri na watu wa kutosha katika genge, asionekane mlalamishi. Anatengeneza safari ya usiku. Dereva anapodai saa zake kamili za kulala kabla ya zamu, asiitwe mvivu. Habari ya Kima imetufundisha usingizi unafanya nini. Nasi wenyewe tusiuze mapumziko yetu kwa vibarua vya mchana halafu tukaingia zamu ya usiku macho mekundu. Chama kikidai mapumziko, wanachama walale.

MAOMBI YANGU KWA TAWI

Namaliza kwa maombi matatu, Ndugu Mwenyekiti, na naomba yaandikwe.

La kwanza, katibu atoe karatasi ya kuandikisha likizo za mwisho wa mwaka mapema, ili asiwepo mtu wa kusafiri kwa siku mbili za kuiba kama mimi.

La pili, kamati iwaulize wakubwa wa kazi, kabla mvua hazijaanza, kuhusu vifaa vya watu wa kukagua njia usiku na hesabu ya saa za mapumziko, na majibu yaletwe hapa mkutanoni.

La tatu ndilo karibu zaidi na moyo wangu. Tuwe na daftari la wenyeji. Tuna wanachama Nairobi, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi na Mombasa. Kila aliye tayari kupokea familia ya mwenzake inayofika usiku, aandike jina na namba ya simu kwa katibu. Hatuhitaji jumba kama la Makindu. Twahitaji mtu mmoja mwenye chai ya moto na mahali pa kukaa mpaka kuche. Jina langu liandikwe la kwanza. Mimi na mke wangu tumekwisha kupatana.

Mama yangu alinituma neno nilipomwambia nitasema mbele yenu. Alisema, "Waambie wasiwaonee haya watoto wao. Waseme kama wana njaa." Nami nawaambia ninyi mlio watoto: msingoje waseme. Waulizeni.

 Safari njema.